Jumatano Iliyofichwa

Shastri Trimbak Khare alilifunga daftari, akaliweka gotini, akasema kwamba kwa watoto hawa wawili mwaka ujao haukuwa na siku.

Binti yake, Sharayu, alikuwa amefika mlangoni na sinia ya chai. Vikombe viligongana mara moja, akavituliza kwa kidole gumba, kwa sababu macho ya mwanamume aliyeketi karibu na dirisha yalikwisha kumwona, naye hakutaka mwanamume huyo ajue kwamba amesikia.

Huyo ndiye Nachiket Deodhar. Alikuwa amekuja na mama yake, Mama Vatsala, ambaye asubuhi hiyo alivaa sari yake ya hariri ya kijani, ile anayoitoa kabatini kwa mambo makubwa tu. Walikuja kuchukua tarehe ya harusi ya kijana na Sharayu. Nyota za vijana zilikwisha kulinganishwa tangu Diwali na zikapatana. Sari ya bibi harusi ilikwisha kuagizwa kwa wafumaji wa Paithan. Kilichobaki kilikuwa siku yenyewe, na siku katika mji wa Wai hutafutwa ndani ya panchanga, kitabu kinachosema kila kunapokucha mwezi uko wapi, jua liko wapi, jambo gani lifanywe na lipi lingoje. Panchanga ziko nyingi, na haziafikiani. Mama Vatsala aliiamini moja tu, ile ya akina Khare, iliyotungwa ndani ya nyumba hii kwa vizazi vinne.

"Hata moja kabla kijana hajasafiri, Shastri?" aliuliza.

"Hata moja, dada."

Kisha mzee akamhesabia kwa vidole, kwa sauti ileile ya upole aliyotumia kwa wateja wake wote. Chaitra, mwezi wa kwanza, si wa harusi. Mwezi wa Vaishakh, Zuhura atakuwa amezama kwenye mwanga wa jua, haonekani jioni wala alfajiri, na hakuna anayeoza mtoto Zuhura akiwa amejificha. Baada ya Vaishakh unakuja mwezi wa nyongeza. Miezi ya mwandamo ni mifupi, kila mwaka hubaki nyuma ya jua siku kumi na moja, kwa hiyo kila baada ya miaka mitatu hivi huongezwa mwezi mmoja ili iwahi. Na mwezi huo ni wa kufunga na kusali, hauna sherehe. Kisha Jyeshtha. Hapo mzee alitabasamu kidogo kama mtu anayeomba radhi. Jyeshtha maana yake ni mkubwa. Nachiket ni kifungua mimba wa Mama Vatsala, na Sharayu ni wa kwanza na wa mwisho wa nyumba hii. Kijana mkubwa, binti mkubwa, mwezi mkubwa. Wakubwa watatu hawakutanishwi.

"Inabaki Ashadh," alisema Mama Vatsala, ambaye mambo haya aliyajua tangu utotoni.

"Inabaki Ashadh, na Ashadh ina siku kumi tu. Ya kumi na moja mungu Vishnu analala, na harusi zote zinalala naye miezi minne. Katika hizo kumi, siku ya kumi yenyewe ingefaa, Jumatano. Lakini mwezi utakuwa bado katika nyumba ya nyota za Vishakha, ambayo haifai kwa ndoa. Utaingia nyumba ya Anuradha, inayofaa, saa mbili usiku, na wakati huo siku ya kumi imekwisha, tumo ndani ya siku ya kumi na moja." Alipapasa jalada la daftari. "Ningekuwa na namna, dada, ningekupa."

Kungoja miezi hiyo minne hakukuwezekana, na wote waliokuwa chumbani walijua. Nachiket alikuwa mhandisi wa maji. Alikuwa amepata kazi ya miaka mitatu kwenye bwawa la umeme huko Bhutan, na alitakiwa kuripoti mwezi wa Shravan, unaofuata Ashadh, mvua zikiwa zimekolea. Nyumba aliyoahidiwa ilikuwa ya mtu na mkewe. Mchumba hakuwa na nafasi ndani yake.

Mama Vatsala hakuwa mtu wa kubishana na mbingu. Alisema, bila ubaya wowote katika sauti yake, kwamba kuna watu wa Kolhapur waliokuwa wakimngoja awape jibu kuhusu binti yao. Msichana mzuri, mwalimu. Yeye ni mtoto wa pili, kwa hiyo Jyeshtha haina neno naye. Hakuwa amewajibu kwa sababu moyo wake ulikuwa huku. Sasa itabidi awajibu.

Nachiket alimtazama Sharayu. Haikuwa ile namna aliyozoea kumtazama, ya kumchokoza ili acheke mbele za watu. Alimtazama kama mtu aliyeko upande wa pili wa mto uliofurika. Sharayu aliweka sinia chini, akarudi jikoni, na hakuna aliyekunywa chai ile.

* * *

Kesho yake walikutana kwenye ngazi za mawe kando ya mto Krishna, saa ambayo wafuaji wamekwisha kuondoka na mawe bado yana unyevu wa nguo. Hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza, miaka mitatu nyuma, Nachiket alipokuwa akipima kimo cha maji na Sharayu akamwambia kwamba babu wa akina Khare alikuwa akiandika mafuriko pembeni mwa panchanga zake. Alikuja nyumbani kuomba aonyeshwe hizo pembe za karatasi. Sharayu ndiye aliyemsomea, jioni baada ya jioni, mafuriko ya watu waliokwisha kufa, hadi siku moja wote wawili wakagundua kwamba mafuriko yalikwisha kusomwa yote na bado Nachiket anakuja.

Safari hii Nachiket hakukaa chini. Alisema waende Satara kwa msajili wa ndoa, wasaini, watoke mume na mke. Msajili haulizi mwezi umelala nyumba gani.

Sharayu alimwambia haiwezekani. Mama yake Nachiket hatampokea mkwe aliyeolewa siku mbaya. Kila mtoto akipata homa, kila jirani akivunja mguu, itakuwa ni Satara. Na kuna baba yake. Mama yake Sharayu, kabla hajafa, alimwapisha mumewe kwamba hatamkataa mwanamume yeyote ambaye binti yao atamchagua.

"Naye hajakukataa," Sharayu alisema. "Hajasema neno moja baya juu yako. Nimshitaki kwa lipi?"

"Kwa hiyo unaamini. Kwamba mwezi una maoni juu yangu na wewe."

"Mimi napiga hesabu, Nachiket. Najua mwezi utakuwa wapi. Kama unatujali au hautujali, hilo sijui. Lakini mama yako anaamini, na nyumba nitakayoingia ni yake."

Nachiket aligeukia maji. Alikuwa hajalala; macho yalikuwa mekundu na shavu moja lilikuwa na ndevu alizosahau kuzinyoa. Sharayu alitamani kunyoosha mkono aliguse shavu hilo. Kulikuwa na wanawake wawili wakisugua vyombo ngazi ya chini, hakuthubutu.

"Kule Bhutan nitakaa miaka mitatu peke yangu," Nachiket alisema. "Nilidhani namngoja mwanamke. Kumbe namngoja mtu anayeuomba mwezi ruhusa."

Alijua neno hilo lilikuwa na makali, Sharayu aliona alivyolijua, midomo yake ilijifunga mara moja. Lakini hakulirudisha. Sharayu alipandisha ncha ya sari begani, akapanda ngazi. Alitumaini kila hatua kwamba ataitwa. Hakuitwa.

* * *

Siku tatu baadaye mpiga chapa alileta kurasa za majaribio za panchanga ya mwaka mpya, zisomwe na kusahihishwa kabla hazijachapwa.

Kazi hiyo ilikuwa ya Sharayu. Tangu presha ya macho ilipoanza kumla baba yake uoni wa pembeni, ikimwachia tundu dogo la kuonea katikati, karibu kazi zote zilikuwa za Sharayu, ingawa mjini hakuna aliyejua. Baba aliketi, akamwelekeza, akamsikiliza akisoma namba kwa sauti. Jalada lilibaki na jina la Shastri, na kuchagua siku za wateja kulibaki kwake; Sharayu alipiga namba kwa maelfu, hakuzikumbuka moja moja. Yeye mwenyewe bado aliweza kusoma na kuandika kidogo, adhuhuri, uani, penye jua kali, kioo cha kukuzia kikiwa kimegusana na ukurasa. Mwaka huu ndiye aliyenakili safi miezi ya katikati. Alisema anataka mkono usisahau.

Sharayu alianza na Chaitra, akaenda mstari kwa mstari. Kila siku ina mambo matano, na yote matano yana saa zake za kuanza na kwisha, kwa sababu siku ya mwezi haingoji jua lichomoze. Inaweza kuanza saa tano asubuhi, au alasiri, au wakati watu wamelala. Nyingine huwa fupi hata huanza na kwisha katikati ya macheo mawili, ikapotea kwenye hesabu kama haikuwapo. Nyingine hukutwa na macheo mawili, ikahesabiwa mara mbili. Utotoni Sharayu aliwaonea huruma watoto waliozaliwa siku zilizopotea.

Alifika Ashadh jua likiwa limepita utosi. Hakutaka kuisoma. Alitaka kuiruka kama mtu anavyoruka mlango wa chumba alichofia mtu wake. Lakini kazi ni kazi, akasoma, na alipofika siku ya tano akasimama.

Kitu hakikukaa sawa. Alirudi juu akaanza upya. Siku za mwezi zilikuwa zikienda mbio, saa ishirini na moja, ishirini na mbili, kila moja fupi kuliko kawaida. Ndivyo inavyokuwa mwezi unapokuwa karibu na dunia, huongeza mwendo. Lakini nyumba za mwezi, zile ishirini na saba unazopitia, zilikuwa zikienda polepole. Saa ishirini na nne katika nyumba hii, ishirini na tano katika ile. Safu moja ya ukurasa ilisema mwezi unakimbia, safu ya jirani ikasema unatembea. Na mwezi ni mmoja.

Alidhani ni mpiga chapa. Akachukua nakala safi ya baba yake akalinganisha. Mpiga chapa hakuwa na kosa, alichapa alichopewa. Basi akapanda darini kutafuta madaftari yake mwenyewe mabichi, yenye hesabu za kwanza, ambayo baba alikuwa ameomba yahifadhiwe huko wiki mbili nyuma, na alishangazwa wakati ule kwa sababu siku zote hukaa kabatini. Aliyashusha, akapangusa vumbi, akafungua Ashadh.

Kwa mwandiko wake mwenyewe ilikuwa imeandikwa: Jumatano, siku ya kumi, hadi saa kumi na moja jioni. Mwezi kuingia Anuradha saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi.

Asubuhi. Nakala ya baba ilisema usiku.

Kwa dakika nzima alimtetea. Macho. Neno moja limeteleza, mtu wa miaka sabini na moja, kipofu nusu, nani hawezi kukosea? Kisha akatazama mistari ya juu, akaelewa. Neno moja likiteleza, linateleza peke yake. Hapa nyumba sita za kabla ya Anuradha zilikuwa zimerefushwa, kila moja kwa saa mbili, ili zile saa kumi na mbili zilizoongezwa zisionekane zimetoka wapi. Na nyumba zilizofuata zilikuwa zimefupishwa vivyo hivyo, hadi mwezi ukarudi mahali pake. Mtu aliketi juani na kioo chake, siku nyingi, akaufunika uongo mmoja kwa namba kumi na mbili. Aliufunika vizuri. Alichosahau ni zile siku za mwezi, labda macho hayakumfikisha safu ya pili.

Ile Jumatano ilikuwapo. Asubuhi hadi jioni, safi, ikiwangoja.

* * *

Alimkuta baba yake uani, amekaa kwenye benchi karibu na mmea mtakatifu wa tulsi, akichambua maua ya ibada kwa ncha za vidole. Sharayu aliweka daftari bichi na nakala safi mapajani mwake, moja juu ya nyingine. Mzee hakuhitaji kuzisoma. Alizigusa, akatambua kamba ya daftari la darini, na mikono yake ikaacha maua.

Uani kwa jirani mtu alikuwa akitwanga pilipili.

"Ni siku ya tano iliyokuonyesha?" mzee aliuliza.

"Siku za mwezi zinakimbia, baba. Hukuzigusa."

"Sikuziona," alisema, na kwa kitambo kidogo alikuwa mwalimu anayesikitikia hesabu ya mwanafunzi. Kisha uso ukamvunjika.

Alimweleza, kwa vipande. Alisema hakuwa na ubaya na kijana. Kama angekuwa na ubaya ingekuwa rahisi. Kwamba alimwapia marehemu na hakuweza kukataa kwa mdomo wake, basi akatafuta mdomo mwingine wa kukataa. Kwamba macheo hayaoni tena, anayajua kwa ndege. Kwamba vizazi vinne vya panchanga vitakwisha siku Sharayu atakapopanda gari moshi kwenda Bhutan, na yeye atabaki katika nyumba hii na kabati la karatasi asizoweza kuzisoma. Alifikiri ni uongo wa mwaka mmoja tu. Kijana angeoa kwingine, Sharayu angelia, angenyamaza, maisha yangeendelea. Wangapi wamelia wakanyamaza.

"Umeniuliza?" Sharayu alisema. "Hata mara moja, baba, uliniuliza kama ningeweza kuipiga hesabu hii nikiwa Bhutan? Mwezi wa huko si mwingine. Posta iko."

Mzee aliokota ua moja, akalirudisha.

"Uliogopa kuniomba nibaki. Ukaona afadhali unipotezee siku."

Sharayu alitaka kumfokea, akashindwa. Huyu ndiye aliyemfundisha kusoma kwa majina ya zile nyumba ishirini na saba, amempakata, akimpa punje ya zabibu kavu kwa kila jina. Huyu ndiye aliyemrudishia tajiri wa Pune kilemba na nazi zake za zawadi, alipokuja kuomba tarehe isogezwe siku moja ili ifae ukumbi aliokodi.

Shastri alijipangusa uso. Alisema atakwenda kwa Mama Vatsala. Atamwambia amekosea. Macho; mama yule ni muungwana, ataelewa.

Sharayu alikwisha kulipima hilo kule juu darini. "Ukisema umekosea, hataiamini Jumatano. Mtu aliyekosea mara moja anaweza kukosea tena. Ataitafuta kwenye panchanga ya Pune, na wale wanafuata majedwali ya zamani, watamwambia siku haifai. Halafu mwaka mzima watu watasema Khare haoni, Khare anakosea."

"Basi nisemeje?"

Jibu alilijua tayari. Aliinua uso kumtafuta binti yake kwa lile tundu dogo la kuonea lililobaki, na Sharayu akaona woga ambao hakuwahi kuuona katika uso ule, hata siku ya msiba wa mama.

"Namba nitazirudisha mahali pake leo hii," Sharayu alisema. "Hizo hazina mjadala. Kuna watu watapanda mbegu kwa kitabu hiki, kuna watu watafunga, kuna watakaowapa watoto majina. La Mama Vatsala sitakusemea. Ukitaka nyamaza. Mimi sitamwambia mtu."

Akamwacha na maua yake. Alirudi kwenye meza, akafuta, akaandika, na machozi yakilowanisha kingo za karatasi alizipangusa kwa ncha ya sari, kwa sababu mpiga chapa hapokei kurasa zenye madoa. Hakujua kama analia kwa ajili ya Nachiket au kwa ajili ya baba yake. Kila alipofikiria mmoja, alikuja mwingine.

Saa kumi hivi alisikia fimbo ya mzee ikigonga kizingiti. Alikuwa amevaa koti lake la heshima na kilemba chekundu.

"Nishike mkono," alisema. "Barabara ile ina mawe."

* * *

Mama Vatsala aliwapokea sebuleni, akashangaa kuwaona bila taarifa. Nachiket alitoka chumbani na kalamu sikioni, akasimama alipomwona Sharayu, na hakuna kati yao aliyejua aweke wapi macho.

Shastri alikataa kiti. Alikaa mkekani, fimbo kando yake.

"Dada, nimekuja kwa ile Jumatano. Mwezi unaingia Anuradha saa mbili asubuhi, si usiku. Siku ya kumi inakwenda hadi jioni. Kuanzia saa sita mchana ni wakati mzuri wa ndoa."

"Kwa hiyo ulikosea hesabu."

Sharayu alisikia baba yake akivuta pumzi. Njia ya kutokea ilikuwa imefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Kilichohitajika ni kuitikia kwa kichwa.

"Sikukosea," alisema mzee. "Nilisema uongo."

Akaeleza yote. Hakujipunguzia. Hata zile nyumba sita alizozirefusha alizitaja moja moja. Nachiket alikuwa amekaa chini bila kujua, mgongo ukiegemea ukuta. Mama Vatsala hakusogea.

"Miaka arobaini," alisema mama huyo, mzee alipomaliza. "Mume wangu alipopasuliwa, tulimwacha daktari angoje hadi saa uliyotupa. Binti yangu nilimwoza kwa neno lako. Sasa nitajuaje lipi lilikuwa la kweli?"

"Neno la ndoa ya binti yako ni la kweli. Hukulipata kwangu." Mzee alimwelekezea Sharayu mkono, akakosea kidogo, akaonyesha ukuta. "Miaka sita sasa mimi sioni. Kila namba iliyotoka katika nyumba yangu tangu hapo ni yake. Za uongo ni hizo kumi na mbili tu, nazo ni zangu, na amekwisha kuzifuta."

Nachiket alimgeukia Sharayu. Miaka mitatu ya mapenzi, na hilo hakuwa amemwambia. Ilikuwa siri ya baba yake, si yake. Aliona likimwingia Nachiket, akaona pia lile neno la mtoni likimrudia na kumchoma.

Mama Vatsala alinyoosha mikunjo ya sari yake gotini. Kisha akasema hukumu yake. Siku anaikubali. Binti anamkubali, na zaidi ya jana. Lakini mwanamume aliyemfichia mwanawe siku hawezi kukaa mbele ya moto wa harusi na kumkabidhi binti. Mjomba wa Sharayu yuko Miraj, afanye yeye. Shastri akitaka, aje kula kama wageni wengine.

"Ni haki," alisema Shastri haraka, kama mtu aliyeogopa kubwa zaidi.

"Si haki," alisema Sharayu.

Alijishangaa. Tangu adhuhuri hakuwa amemsemesha baba yake neno la upendo, njiani alimshika kiwiko kama anayeshika mzigo wa watu. Hasira ilikuwa bado iko palepale kifuani, haijapoa.

"Mama, alilonifanyia ni langu, nami sijamsamehe. Labda nitachelewa. Lakini ni baba yangu, na mkono wangu atautoa yeye. Akikaa kwa wageni, mimi sitasimama nyuma ya pazia la harusi. Wapelekee Kolhapur jibu lao."

Nachiket aliinuka. Sharayu aliukaza moyo, maana alimjua mama wa mwanamume huyu na alijua mwanamume huyu hajawahi kumpinga. Nachiket alivuka mkeka, akaketi upande wa pili, karibu na Sharayu, goti lake likiwa shubiri moja kutoka lake.

"Hakuna atakayejibu Kolhapur," alimwambia mama yake. Kisha, kwa sauti ya chini iliyokuwa ya Sharayu peke yake: "Nilisema neno baya pale ngazini. Sijalala tangu siku ile."

"Hata mimi," alisema Sharayu, bila kumtazama. Lakini hakulisogeza goti lake.

Mama Vatsala alinyanyuka akaingia jikoni. Walisikia kabati likifunguliwa, kijiko kikigonga bati, kisha muda mrefu hapakuwa na sauti yoyote. Aliporudi alikuwa na bakuli la sukari. Alimtilia Sharayu kijiko kimoja kiganjani, kama afanyiwavyo binti siku neno lake linapokubaliwa, na akaacha vidole vyake juu ya vidole vya binti kwa kitambo. Alimtilia mwanawe. Alipofika mbele ya Shastri alisita. Hakumnyima sehemu ya baba wa bibi harusi, ila hakumtilia kwa mkono wake. Aliliweka bakuli sakafuni mbele yake, akarudi mahali pake, akageuza uso dirishani.

Mzee alisikia bakuli likitua. Alinyoosha mkono, akapapasa mkeka, akapita kushoto, akapita kulia, hakulipata. Hakuomba msaada. Sharayu aliuma mdomo, na kabla hajainuka, Nachiket alikwisha kuinama. Alilisukuma bakuli taratibu, kidogo kidogo, hadi likafika chini ya vidole vya mzee.